Mmoja Alitaniwa, Mwingine Alisailiwa

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo kila nionapo meza ina watu wawili upande huu na mtu mmoja upande ule, inanijia yote, hata baridi yake. Sikuwa na nia ya kuisimulia. Lakini juzi ulikuja hapa na furaha yako, ukaniambia umechaguliwa kuwa miongoni mwa watakaosaili waombaji wa kazi pale zahanati, ukasema, "Babu, kazi yenyewe rahisi, mtu unamjua akishaingia tu mlangoni." Nikanyamaza, ukadhani nimesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa nimeudhika kidogo, na mtu wa umri wangu akiudhika ni afadhali anyamaze kwanza, atafute pa kuanzia.

Sasa nimepapata. Kaa vizuri, uniache niende polepole, na usitazame saa.

Zilikuwa enzi za Mwingereza, vita kuu ya pili imekwisha na askari wamerudi makwao. Makambako hii ya leo, yenye maduka mpaka mtu unapotea, haikuwepo. Palikuwa na njia panda, maduka machache ya mabati, na kambi. Kambi yenyewe ilikuwa ya kampuni moja iliyoandika vijana wa huku kwetu kwenda kukata mkonge. Vijana hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Walishuka kutoka Njombe, kutoka milima ya Ukinga, kutoka Upangwa mpaka kule Liganga, wengi wao kwa miguu, wakalala kambini wakingoja malori ya kuwapeleka mbali. Makambako kuna upepo, unaujua, na vijana wale wengi walikuwa na nguo moja tu. Wapo waliofika wakikohoa, na wapo waliolala pale wasiamke tena. Hilo lilisemwa wazi mpaka sokoni Njombe.

Msimamizi wa kambi ndiye aliyegawa uji na mablanketi. Ndiye aliyesema huyu ni mzima apande lori, na huyu abaki kwanza apone. Kwa hiyo usidhani kilikuwa cheo cha kukaa kivulini. Uhai wa watoto wa watu ulikuwa mkononi mwake. Msimamizi wa zamani alipoondoka, ikatangazwa kwamba anatafutwa mwingine, anayejua kusoma na kuandika, awe mtu wa adabu.

Mimi nilikuwa kijana wa Matamba, nimeoa karibuni, na mke wangu Damari alikuwa na mimba ya kwanza. Viazi vyetu mwaka ule viliozea shambani kwa ugonjwa. Nikabaki na njia mbili tu. Ama nipate kazi ile ya kambi, nikae Makambako, nimlete Damari tuishi pamoja. Ama niandikwe manamba kama wenzangu, niende mkonge, mtoto azaliwe sipo. Nilipoaga nyumbani Damari alinishika mkono akasema, "Uwaambie unaijua kazi." Nikamwambia nitawaambia.

Nilitembea hadi Njombe, na kutoka Njombe nikapata lori lililobeba magome ya miti ya miwati. Dereva akanipakia juu ya magome, maana mbele alikuwa na watu wake. Mwanangu, baridi ile ya asubuhi, upepo unakupiga kifuani, na tumboni huna kitu! Nilipofika Makambako midomo ilikuwa imekufa ganzi. Nikaenda moja kwa moja mpaka ofisi ya kambi, nikakaa kwenye benchi la nje.

Waombaji walikuwa wamechujwa kwa barua zao, tumebaki wawili. Mwenzangu aliitwa Komba, Mngoni kutoka Songea, mtu wa miraba minne, amevaa koti la jeshi lililokatwa mikono. Wasaili nao walikuwa wawili, maana Bwana wa kampuni alikuwa na shughuli zake Njombe, akawaachia wao. Wa kwanza alikuwa karani Mgaya, kijana wa Kibena, soksi nyeupe mpaka magotini, kalamu mfukoni. Wa pili ni Mzee Mlowe, naye Mbena, mzee wa kanisa, aliyewahi kuwa nyapara wa vibarua wa barabara. Yeye alijifunika blanketi mabegani na kukaa pembeni ya meza kama aliyekuja kuota jua tu.

Komba aliitwa kwanza. Mlango uliachwa wazi, nikasikia yote.

"Kabila?" karani akauliza.

"Mngoni, bwana."

Nikasikia kalamu inawekwa mezani. Sasa wewe ni mtoto wa siku hizi, utani wenu ni wa kwenye simu, kwa hiyo nikukumbushe. Wabena na Wangoni ni watani. Mababu zao walipigana vita vikali, vita vikaisha, ukabaki utani, na mtani wako hata akikutukana mbele ya mkweo huwezi kununa.

"Mngoni!" karani akasema. "Yaani panya wa Songea mmewamaliza, sasa mmekuja kuwatafuta wa Makambako?"

"Afadhali sisi wa panya, bwana karani," Komba akajibu. "Mimi nimekuja njia nzima nasikiliza. Nilipoona sisikii tena mbwa hata mmoja akibweka, nikajua nimeshaingia Ubena."

Karani alicheka mpaka akakohoa. Mzee Mlowe mwenyewe aliinamisha kichwa, mabega yakitikisika chini ya blanketi. Hata mimi kule nje, na njaa yangu, nilitabasamu. Karani akajikusanya, akauliza kama Komba anaweza kupika uji wa watu wengi.

"Nikishindwa nitawaita Wabena waje wakoroge. Si ndiyo kazi mliyoizoea kwetu tangu tuwateke?"

Kicheko tena.

"Na mtu akiugua kambini?"

"Nitamwomba asife mpaka lori lipite, bwana."

Wakacheka tena, ikawa basi. Hilo si jibu, mwanangu. Lakini siku ile lilipokelewa kama jibu, na jibu zuri. Komba akatoka akiwa bado anajifuta macho, karani akimsindikiza mpaka mlangoni kwa kumpiga piga mgongoni.

Kisha nikaitwa mimi. Karani aliponiona uso wake ulirudi ofisini.

"Mkinga?"

"Mwanji, bwana. Natoka Matamba."

"Wote ni wa kule kule," akasema, akaandika anavyojua yeye.

Kati yake na watu wa kwetu hapakuwa na utani wowote aliokuwa akiujua. Kwa hiyo akanisaili. Debe moja la unga linatoa uji wa watu wangapi? Mwenye kichomi utamtofautishaje na mwenye malaria? Lori likija nafasi ni chache kuliko watu, kanuni ya kampuni inasemaje? Kanuni ya kampuni ningeijulia wapi, mimi niliyeshuka kwenye magome muda ule ule? Nilijua namna ya kupika uji wa watu wengi, msibani kwetu nilipika mara nyingi, lakini maneno yaligoma kutoka. Nikawa nanong'ona, nikaona macho yake yanaelekea dirishani. Nikamwona Damari moyoni, na jinsi nilivyomwahidi. Nikaambiwa asante, nikangoje nje.

Nilikaa tena kwenye benchi na Komba, nimeinamisha kichwa. Ndani nikasikia karani akisema kazi imekwisha, Mngoni yule anafaa sana, ni mchangamfu, na kambi ya watu wenye huzuni inahitaji mtu mchangamfu. Ndipo Mzee Mlowe akasema kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Wangeweza kusemezana kwa Kibena, mimi na Komba tusipate kitu. Mzee akachagua Kiswahili, na mpaka leo naamini alitaka tusikie.

"Mgaya, yule umemtania. Huyu umemsaili. Sasa unalinganisha nini na nini?"

"Lakini mzee umeona mwenyewe," karani akasema. "Yule ana maneno. Huyu hata sauti hana."

"Sauti aitoe wapi? Umempa nini? Tangu lini sisi tukamuuliza mgeni shida yake kabla hatujampa chakula? Nyumbani kwenu mama yako angekufukuza jikoni. Hapa kwa sababu kuna meza, umesahau."

"Hii ni ofisi, mzee."

"Ndiyo ni ofisi. Na aliyeingia ana tumbo."

Karani hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuwa kijana, na kijana akishikwa na aibu hukimbilia upande wa pili bila kusimama katikati. Nikamsikia akisema, "Basi tumpe huyu wa milimani, tusije tukaambiwa tumependelea mtani."

Mwanangu, moyo wangu uliruka. Nilishika benchi. Nikasema moyoni, mzee, kubali, tafadhali kubali.

"Usimlipe huyu kwa kosa lako wewe," Mzee Mlowe akasema. "Wanaokuja kunywa uji wa kambi hii hawajakukosea kitu. Tunaanza upya."

Nilimchukia mzee yule palepale. Nakwambia kweli tupu.

Tukaletewa uji wa ulezi na viazi vya kuchemsha, mimi na Komba, tukala jikoni mwa kambi karibu na moto. Komba alinisogezea upande wenye joto. Akaniambia, "Ndugu yangu, utani ule haukukuhusu. Usiniwekee moyoni." Nikamwambia sina neno. Nilikuwa nalo, lakini viazi vilikuwa vya moto na mtu akishakula na mwenzake ukali unapungua.

Tukiwa tunakula, wale wawili waliendelea kuzungumza ofisini. Yaliyosemwa humo niliyajua baadaye kwa kuambiwa na mzee mwenyewe. Alimuuliza karani swali moja: kambi hii inaumwa wapi? Karani akataja unga, akataja kuni, akataja paa. Mzee akasema hapana, niambie watu wanafia nini. Karani akafikiri, akasema wanaokufa ni wale wanaofika wagonjwa, wanajikunja pembeni, hakuna anayewaona mpaka wamezidiwa. Mzee akasema basi maswali yetu yatoke hapo, na yawe yale yale kwa wote wawili, na wewe usicheke wala usikunje uso mpaka wamemaliza. Utani mtafanya jioni, kazi ikishapata mwenyewe.

Safari hii niliitwa mimi kwanza, na Komba akaambiwa aende mpaka kwenye uzio, mbali na mlango. Mzee aliniamkia Kibena, "Kamwene," nikaitika hivyo hivyo, maana salamu ile tunaijua. Akaniuliza njia ilikuwaje. Akaniuliza nyumbani nimemwacha nani, nikamweleza habari za Damari. Hayo yote aliyauliza bila haraka, na nilipoona ulimi umelegea, akauliza lililomleta.

"Tuambie siku uliyopewa kitu uwagawie watu, kikawa hakitoshi. Usituambie ungefanya nini. Tuambie ulifanya nini."

Nikafurahi, maana siku hiyo nilikuwa nayo. Nikawaeleza msiba wa mjomba wangu, jinsi nilivyopewa nyama nigawe, na jinsi watu walivyokuja wengi kuliko tulivyotazamia. Vijana wa kijiji cha pili walikuwa wanapiga kelele, wanagonga masahani, nikaona msiba utaharibika. Nikawagawia wao kwanza. Wakatulia. Watu wakanisifu kwamba nimetuliza mambo. Bibi zetu waliokuwa wamekaa ukutani walipata mchuzi, na wa mwisho hawakupata. Nilisimulia yote hayo kwa sauti ya mtu anayejua kazi, tena nikaona karani anaitikia kwa kichwa polepole. Nikatoka nikiwa na hakika.

Komba akaingia. Alikaa muda. Sikusikia kicheko hata kimoja.

Hatimaye Mzee Mlowe akatoka na fimbo yake, akaniambia, "Sanga, twende unisindikize." Wazee wakikwambia uwasindikize, ujue wao ndio wanakusindikiza wewe. Tukatembea mpaka barabarani. Huko akaniambia kazi amepewa Komba.

Nilisimama. Sikuweza kumtazama. Nikamwambia, "Mzee, mke wangu ana mimba."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja na wewe mpaka hapa, sikumtuma mtu." Akaniacha nikajifuta uso, kisha akaendelea. "Unataka kujua kwa nini, au unataka kuondoka na hasira yako? Vyote ni haki yako."

Nikasema nataka kujua.

Akanieleza alichosimulia Komba. Vitani alikuwa mpishi, nchi ya mbali. Siku moja chakula kilipungua. Askari wazima wakapanga mstari na masahani yao, wakigombana. Komba akachukua ndoo, akawapita wote, akaenda kwanza chini ya malori walikolala majeruhi wasioweza kuja kwenye mstari. Aliporudi akaongeza maji katika kilichobaki, wakala wote chembamba. Askari mmoja akamzaba kibao. Hakukirudisha, aliendelea kugawa. Mzee aliniambia kwamba alipokuwa akisimulia, Komba hakufanya mzaha hata mmoja, na karani alikuwa amesahau kuandika.

"Wewe si mtu mbaya," Mzee Mlowe akaniambia. "Umesema kweli, na kusema kweli si jambo dogo. Lakini ulimpa kwanza aliyepiga kelele. Kambini kwetu wanaopiga kelele ni wazima, Sanga. Sisi tunamtafuta mtu wa kumwona asiyepiga kelele. Ningekupa kazi hii kwa sababu ya mkeo, ningekuwa nakuhurumia kwa uji wa watu wengine."

Nilienda nyumbani. Damari aliponiona uso alijua. Usiku haukuwa mzuri, sitaki kuusimulia. Nilimpeleka kwa mama yake, nikaandikwa manamba, na kipupwe kilipoanza nikashuka na kundi la vijana wa milimani kuelekea Makambako.

Njiani mvua ya manyunyu ilitunyeshea, nikashikwa na kichomi. Nilipofika kambini nilikuwa nasikia ubavu unachomwa kila nikivuta pumzi. Nikaingia kwenye banda, nikajikunja kwenye pembe ya mwisho, nikajifunika gunia. Sikumwita mtu. Ukiumwa namna ile, mwanangu, hutaki kuita mtu, unataka waache tu kukanyaga karibu na kichwa chako. Asubuhi nikasikia ndoo ya uji inaingia, na vijana mlangoni wanagombea, wanagonga masahani. Nikafumba macho.

Nilipofumbua, ndoo ilikuwa miguuni pangu. Komba hakuanzia mlangoni. Alikuwa amewapita wote wale na kelele zao, akaanzia pembeni. Akafunua gunia, akanitambua. Hakusema lolote la kunikumbusha. Alinikalisha, akaninywesha uji kwa mkono wake mwenyewe, kisha akainuka akamwambia karani kwamba huyu hapandi lori, na karani akasema sawa. Lori lililopaswa kunibeba liliondoka bila mimi. Nilikaa pale mpaka nikapona, na wakati ule wote nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Kama kazi ile ningepewa mimi, asubuhi ile ningeanzia mlangoni, kwa wenye kelele, ili watulie. Na mtu aliyelala pembeni angekufa.

Nililia, na Komba akadhani ni ubavu.

Sasa usiharakishe kufurahi, kwa maana habari haikuishia hapo. Nilipopona nilikwenda mkonge kama nilivyoandikwa. Mtoto alizaliwa sipo. Niliporudi alikuwa anatembea, na aliponiona nafungua mlango wa uzio alikimbia akajificha nyuma ya mama yake. Alichukua siku nyingi kuniita baba. Huyo ndiye mama yako mkubwa, muulize, atakwambia hata leo tukikaa wawili huwa tunatafuta maneno. Hicho ndicho nilicholipa. Walichagua vibaya? Hapana. Waliamua sawasawa kabisa, na bado mimi niliumia. Nataka uyashike yote mawili kwa pamoja, maana vijana mnapenda kushika moja.

Kwa hiyo, mwanangu, huko zahanati unakokwenda, kabla hujamtazama mwombaji, itazame kwanza kazi. Keti na wenzako mjiulize inaumwa wapi, na nani ataumia mkimpata asiyefaa. Mkishajua hilo, maswali hayatawasumbua. Yaandaeni yawe yale yale kwa kila mtu, maana ukimwuliza mmoja kwa kicheko na mwingine kwa ukali, hujawapima wao, umejipima mwenyewe moyo wako unaegemea wapi. Siku hizi si utani wa Wabena na Wangoni tu. Utakuta mtu mmesoma naye shule moja, mnasali naye kanisa moja, anaongea Kiswahili kama chako, anajua jina la kijiji chako. Utajisikia umemfahamu tangu mlangoni, kama ulivyoniambia juzi. Hapo ndipo ukae chonjo. Wala usimnyime kwa sababu ni wa kwenu, ili uonekane umetenda haki. Komba alikuwa mtani wao, na ndiye aliyefaa. Uchangamfu wake haukuwa kosa, kosa lilikuwa kuishia hapo.

Mpe mtu maji. Mpe kiti, mwache apumue, umwulize njia ilikuwaje, awe ametoka Makete au ametoka ng'ambo ya barabara. Kisha umwulize alichofanya, si ambacho angefanya, kwa maana hayo ya "ningefanya" hata mimi ninayo mengi mazuri. Akianza kusimulia, nyamaza. Wewe una tabia ya kumalizia watu sentensi zao, nimekuona tangu ukiwa mdogo, na mezani pale utakuwa unawajibia mtihani. Na yule utakayemnyima, usimtumie ujumbe wa maneno mawili, wala usimwambie tutakupigia wakati unajua hamtapiga. Toka naye nje, mtembee kidogo, umwambie sababu, na awe na ruhusa ya kukasirika. Kama sababu yenyewe huwezi kumwambia machoni, basi si sababu, rudi ndani mfikiri tena.

Nimesema mengi, na najua umeshachungulia saa. Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe subira ya kusikiliza, akuepushe na haraka ya kupenda na haraka ya kuchukia. Awape wagonjwa wa zahanati ile mtu atakayewaona. Na yule utakayemnyima kazi kwa haki, mkikutana naye njiani siku moja, awe yeye wa kwanza kukusalimu.